Sauti ya Kiume, Wimbo wa Jukwaani na Irabu ya Mwisho

Miongoni mwa mambo ambayo uhakiki wa sanaa za maonyesho umeyapita kimya ni lile la kuteua wimbo kwa kuzingatia koo la mwimbaji. Wahakiki huandika juu ya maudhui ya tamthilia, juu ya wahusika na lugha yao, hata juu ya mavazi. Lakini mwigizaji aimbapo na sauti ikamkatika kwenye nota ya juu, hilo huhesabiwa kuwa bahati mbaya ya usiku ule. Si bahati mbaya. Aghalabu ni kosa lililofanyika majuma mengi kabla, siku wimbo ulipochaguliwa.

Chukuliwe mfano wa kijana wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambao dunia imeujua tangu 2014 kwa sababu ya kobalti iliyofumbuliwa chini ya viwanja vya nyumba za watu. Kijana wa namna hiyo atakapo kuimba katika tamthilia, kwa kawaida huwa amepitia kwaya ya kanisa. Sasa kwaya ya sauti nne ina nafasi mbili tu kwa wanaume, yaani tenori na besi, ilhali sauti ya kiume iliyo ya kawaida kuliko zote ni ile ya katikati, baritoni. Kwa kuwa tenori ni wachache, kiongozi wa kwaya humsukuma mwenye baritoni juu au chini kulingana na upungufu uliopo. Na jina alilopewa huko hulibeba hadi jukwaani kana kwamba ni jina la ubatizo. Ndipo “tenori” huyu achaguapo wimbo wa tenori, akashangaa kwa nini humchosha.

Vitabu vya muziki hutoa mipaka ya sauti hizi kwa uwazi. Tenori aliyefunzwa hutembea tangu do iliyo oktava moja chini ya do ya kati hadi do iliyo oktava moja juu yake. Baritoni huanzia la ya chini na kukomea fa au sol iliyo juu ya do ya kati. Besi hushuka hadi mi ya chini kabisa. Mipaka hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Lililo muhimu zaidi ni mahali wimbo unapokaa kwa muda mrefu, ambapo hapa pataitwa makao ya wimbo. Nyimbo mbili zaweza kuwa na nota ya juu ileile, mmoja ukaigusa mara moja na kushuka, mwingine ukaganda chini yake kidogo kwa beti nzima. Baritoni atauweza wa kwanza. Wa pili utamvunja, kwa sababu unakaa palepale karibu na mi na fa, ambapo sauti nyingi za kiume hugeuka kutoka kifuani kwenda kichwani.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kuushusha wimbo. Dawa hiyo hufaa pale tu ambapo wimbo una nafasi chini. Wimbo maarufu wa mto katika Show Boat (1927), ambao Jerome Kern aliutungia sauti nzito na ambao Paul Robeson aliuimba London mwaka 1928, una upana wa oktava moja na nota sita: huanza chini sana na humalizikia juu. Baritoni mwepesi akiushusha ili aupate mwisho, mwanzo humpotelea. Akiupandisha ili mwanzo usikike, mwisho humkaba. Vivyo hivyo wimbo alioimba Daniel Balavoine katika Starmania (albamu ya 1978, jukwaa la 1979), utokao katika sauti ya kifua na kupanda hadi sauti ya kichwa ya juu mno. Anayeujifunza kutoka kwenye kanda huwa hajifunzi wimbo, bali hujifunza koo la Balavoine, jambo lisilowezekana.

Desturi ya Katanga yenyewe haikuwa na tatizo hili. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian alilichunguza katika kitabu chake cha 1990, lilijenga tamthilia zake katika mazoezi, pasipo maandishi yaliyotangulia. Na wimbo usio na kinanda wala nota huanzia pale sauti ya mwanzishaji ilipo. Hata Missa Luba, iliyorekodiwa 1958 na vijana na walimu wa Kamina chini ya padri Guido Haazen, ilitokana na ubunifu wa papo kwa papo wa sauti zilizokuwapo, miongoni mwazo tenori ya Joachim Ngoi. Maandishi ya nota yalifuata baadaye, na tangu hapo kwaya za ulimwengu hujitahidi kuingia katika nguo iliyoshonewa mtu mwingine. Aletaye jukwaani Kolwezi wimbo wa Paris au London hujikuta katika hali hiyohiyo, na juu yake huongezeka tatizo la lugha.

Hapa ndipo isimu inapopaswa kusema neno, na ni ajabu kwamba haijasema. Chukuliwe ombi la Jean Valjean katika Les Misérables, wimbo ambao haukuwamo katika onyesho la Paris la 1980. Claude-Michel Schönberg aliutunga kwa ajili ya onyesho la London la 1985 na kwa ajili ya koo la Colm Wilkinson. Huanza kwa mruko wa oktava na hukomea la ya juu, na wote huimbwa kwa sauti laini. Maneno yanayorudiwa mwishoni ni silabi tatu nzito za Kiingereza, ya mwisho ikiwa ndefu na yenye mkazo. Kifaransa nacho huweka mkazo mwishoni mwa kirai. Kiswahili hakifanyi hivyo: mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho hubaki nyepesi.

Mfasiri wa Kiswahili sanifu ataandika “mlete nyumbani”. Silabi ni sita badala ya tatu; ya kwanza ni m tupu, isiyo na irabu ya kubebea sauti; na nota ndefu huangukia “ni”, silabi isiyo na mkazo. Msemaji wa Kasulo hasemi hivyo. Yeye husema “mulete ku nyumba”. Silabi ni sita zilezile, lakini m imepata irabu yake, na mwisho ni a iliyo wazi. Wanaokiita Kiswahili cha Katanga kibovu wangefanya vema kumwuliza mwimbaji ni kipi kati ya viwili hivi kinachopumua. Wingi wa silabi, hata hivyo, unabaki palepale, na atakaye nota tatu atalazimika kusema “arudi” tu, ambapo mkazo hukaa kwenye nota ya pili na i hubaki kwenye ile ndefu.

Je, hilo ni baya? Inategemea koo. Kwa anayeimba kwa nguvu za kifua, i na u kwenye nota ya juu hubana, na a humwokoa. Kwa anayeimba kwa wepesi wa kichwa, kama wimbo huu unavyodai, irabu zilizofungwa humsaidia, na a humvuta kwenye kupiga kelele. Kwa hiyo “mulete ku nyumba” humfaa baritoni aliyeushusha wimbo toni mbili na kuuimba kwa kifua, na “arudi” humfaa tenori halisi. Tafsiri moja kwa sauti zote mbili haipo.

Mwenye koo lisilofaa kwa lolote kati ya haya bado ana njia. Rex Harrison alizipitia nyimbo za My Fair Lady mwaka 1956 nusu akisema, na Kiswahili tangu zamani kimetofautisha kuimba na kughani. Ni ajabu kwamba njia hii haipewi heshima katika mazoezi ya vijana.

Jambo jingine lastahili kutajwa japo kwa ufupi. Uchunguzi wa watafiti wa Lubumbashi na Leuven uliotolewa 2018 ulionyesha jinsi kobalti ilivyoingia katika miili ya wakazi wa Kasulo, watoto zaidi kuliko wakubwa. Haukuhusu uimbaji, lakini pumzi ndiyo mtaji wa mwimbaji, na mwalimu amchaguliaye mchimbaji wimbo wenye sentensi ndefu baada ya siku nzima ya vumbi amchagulie kwa kujua.

Ule mruko wa oktava wa mwanzo, ambao wengi huuogopa, ndio hauna shida katika Kiswahili. “Ee” hukaa chini, “Mu” yenye mkazo hupanda juu, na “ngu” hufuata. Nayo u ndiyo irabu ambayo sauti laini ya kichwa huipenda kuliko zote.