Uvuvi wa Barafuni: Lokesheni Peke Yake Haitoshi

Jumamosi moja ya Januari, kwenye ziwa dogo kaskazini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, mimi na mzee jirani yangu tulitoboa matundu 14 kwenye barafu, tukavua samaki tisa aina ya krapi, tukafunga virago. Sheria ya jimbo inaruhusu krapi 10 kwa kila mtu kwa siku, kwa hiyo tulikuwa na haki ya 20. Samaki walikuwa bado wanakula. Mzee alikunja mshipi wake, akafunika ndoo, akasema hiyo ndiyo mboga yetu.

Naichambua siku ile hatua kwa hatua kwa sababu kila uamuzi wake ulikuwa na hesabu ndani yake, kuanzia mahali pa kutoboa hadi saa ya kuondoka. Nina sababu nyingine pia. Wakenya, Watanzania na Wakongo ninaofahamiana nao hapa wanaupenda uvuvi huu, nami nafurahi kuwaona barafuni. Lakini swali lao la kwanza karibu kila mara ni lile lile: "Kaka, nitumie lokesheni." Ninaamini kwa dhati kwamba lokesheni ndicho kitu chenye faida ndogo kuliko vyote tunavyoweza kupeana, na ndicho chenye madhara makubwa.

Ziwa lilisomwa nyumbani

Kazi ilianza jikoni kwa mzee, juu ya ramani. Minnesota ina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, na Idara ya Maliasili ya jimbo hutoa bure ramani za vina vya mengi kati ya hayo. Mistari ya ramani yetu ilionyesha ziwa lenye umbo la bakuli: pembeni majani ya majini hadi kina cha mita tatu, kisha mteremko mkali, kisha kilindi cha mita 11 karibu na katikati. Mzee aliweka kidole pale mteremko unapokutana na kilindi.

Kwa nini pale? Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi na kubaki juu, ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu na samaki huishi chini ya dari ya barafu. Katikati ya msimu wa baridi, basi, mambo yamepinduka: maji ya karibu na sifuri yako juu, yenye uvuguvugu kidogo yako chini.

Joto ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hewa. Barafu ikishafunga, oksijeni iliyomo ni ile iliyoingia kabla na ile inayotolewa na majani ya majini yakipata mwanga. Mwanzoni mwa msimu majani bado ni mabichi, na samaki hukaa humo. Theluji ikirundikana juu, mwanga hukatika, majani hufa na kuoza, na uozo huo hula oksijeni. Hapo krapi huyahama majani na kuelekea kilindini. Lakini tope la chini nalo lina uozo wake, kwa hiyo hawalali sakafuni. Huning'inia juu kidogo, wamekusanyika pamoja. Machi, maji ya theluji inayoyeyuka yakianza kuingia na hewa mpya, hurudi pembeni.

Hivyo alama moja ya lokesheni ina umri. Mahali palipojaa samaki mapema Desemba panaweza kuwa patupu Januari. Anayetumiwa alama bila maelezo haya amepewa ufunguo wa nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Mtaimbo kabla ya keekee

Tulipofika, mzee alishika mtaimbo. Kila hatua mbili aliuangusha mbele yake na kusikiliza. Barafu ngumu hujibu kwa mlio mkavu, dhaifu husikika kama mbao iliyooza. Idara ya Maliasili inashauri angalau inchi nne, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kabla ya mtu kutembea juu yake, na inchi tano hadi saba kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu nusu tu, kwa hiyo unene unaohitajika ni mara mbili. Tulikuta inchi 11, lakini karibu na mdomo wa kijito mtaimbo ulizama kwa pigo la pili, nasi tukazunguka mbali.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Huku kaskazini, barafu usiyoigonga hujui unene wake, na ziwa moja huwa na unene tofauti kila upande. Lokesheni hukuonyesha unakokwenda. Haikwambii kama njia itakubeba. Mtu aliyelelewa pwani ya Kilifi au kando ya Ziwa Tanganyika hana sababu ya kulijua hilo, na anayemtumia alama bila kumfundisha mtaimbo anamtuma hatarini.

Matundu 14, mishipi minne

Sheria ya Minnesota humruhusu mtu mishipi miwili kupitia barafu, tofauti na mmoja tu maji yakiwa wazi. Kwa nini basi matundu 14? Kwa sababu mengi hayakuwa ya kuvulia. Yalikuwa ya kutafutia. Mzee alitoboa mstari wa matundu saba kutoka mteremkoni hadi katikati ya kilindi, hatua 10 kati ya tundu na tundu, kisha nami nikatoboa mstari wa pili uliokata ule wa kwanza. Keekee ilimaliza kelele zake zote kwanza. Tulinyamaza dakika 20, tukanywa chai, ziwa likatulia.

Ndipo tukapita na sonari, tundu baada ya tundu. Kifaa chake hutumbukizwa majini na kutuma mawimbi ya sauti yanayotanuka kama mwanga wa tochi. Kikiwa na pembe ya nyuzi 20, juu ya kilindi cha mita 11 kinamulika duara la chini lenye upana usiofika mita nne. Hesabu hiyo inaeleza kila kitu kuhusu mvuvi anayekaa kwenye tundu moja siku nzima: anaona sehemu ya ukubwa wa chumba cha kulala katika ziwa la hekta nyingi, halafu anasema ziwa halina samaki. Matundu 10 yalikuwa matupu. La kumi na moja lilionyesha mstari mzito kwenye mita tisa, mita mbili juu ya tope, mahali fizikia ilipokuwa imetuelekeza tukiwa jikoni.

Kuumwa kunakolegeza mshipi

Hapa ndipo mkono mgeni hupoteza samaki wengi. Macho ya krapi yameelekea juu kidogo, naye hupenda kupanda kukifuata chakula. Chambo kikishushwa chini yake, hakioni. Mzee alishusha ndoana ndogo yenye kichwa cha tangsteni na funza wawili, akaisimamisha nusu mita juu ya ule mstari mzito. Alitikisa ncha ya ufito kwa kiasi cha unene wa kidole, akaacha. Kwenye ncha alikuwa amefunga springi nyembamba kama unywele, iliyopinda kwa uzito wa ndoana.

Mimi nilikuwa nikisubiri springi ivutwe chini, kama nilivyozoea tangu utotoni na mshipi wa mkononi. Haikuvutwa. Ilinyooka. Krapi alikuwa amepanda, akameza chambo na kuendelea kupanda nacho, uzito ukaondoka, mshipi ukalegea. Mzee aliinua ufito taratibu, na samaki wa ubavu wa fedha na madoa meusi akatokea tunduni kati ya chembe za barafu. Nilichelewa mara tatu kabla ya kidole changu kukubali kwamba kulegea ndiko kuumwa. Hakuna ramani inayofundisha hilo. Hufundishwa na mtu aliyekaa ndoo ya pili.

Kwa nini tuliacha kwa tisa

Kwenye kina cha mita tisa shinikizo ni karibu mara mbili ya lile la juu. Samaki akivutwa upesi, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka karibu mara mbili, na krapi hana njia ya kuitoa kwa haraka. Ukimrudisha majini anaweza kuelea ubavu, au kuzama na kufa baadaye usipomwona. Juu ya hayo kuna baridi: kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, macho na matamvua huanza kuganda ndani ya muda mfupi. Kwa hiyo kile kisingizio cha "navua kwa kujifurahisha, nawarudisha wote" hakifanyi kazi juu ya kilindi kirefu. Kila ndoana unayoshusha pale ni ahadi ya kula unachotoa. Tulihitaji mboga ya nyumba mbili, tukaipata, tukaacha.

Kosa langu

Msimu uliotangulia sikuwa nimeelewa hayo. Nilikuwa nimegundua kilindi kingine kwenye ziwa jingine dogo, na kwa furaha nikatuma alama yake kwa marafiki wachache. Nao wakawatumia wao. Ijumaa iliyofuata nilikuta hema zimepangwa kama soko. Sheria inadai futi 10, yaani mita tatu, kati ya kibanda na kibanda, na haikuvunjwa. Watu 30, kila mmoja na krapi wake 10, ni samaki 300 kwa siku; wakija wengine 30 kila siku, ni 900 kufikia Jumapili jioni, na wote wamefuata sheria. Lakini wote wametoka kwenye kundi moja lililojikusanya kwa baridi. Krapi mkubwa wa maji haya ya baridi ni zao la miaka kadhaa. Blugili, samaki mwingine wa maziwa haya, ana jambo la ziada: madume wakubwa ndio hulinda viota, na wakiondolewa, madume wadogo hukomaa wakiwa bado wadogo, ziwa likabaki na samaki wengi wa kiganja cha mtoto. Ndiyo maana katika maziwa kadhaa Idara imeshusha kiwango cha samaki wa jamii hiyo kutoka 20 hadi 10 au 5.

Nimelirudia ziwa lile baridi mbili. Sonari inaonyesha maji matupu pale palipokuwa na mstari mzito. Sikuvunja sheria yoyote, na bado nabeba kosa hilo.

Jinsi ya kugawa

Sisemi watu wafiche. Mtu aliyefundishwa bure na jirani hana haki ya kufunga mdomo. Nasema tugawe kwa utaratibu tunaoujua tangu kwetu. Mvuvi wa dago, yaani kambi ya uvuvi ya muda, atokaye Pemba kwenda fukwe za Kenya hatakiwi kushusha nyavu kabla ya kuonana na wenyeji. Hupewa maji pamoja na masharti yake. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hufunga miamba ya pweza kwa miezi, na siku ya kufungua hujulikana na wote. Mahali na kiasi hutolewa kwa pamoja.

Ziwa kubwa la Minnesota limethibitisha hesabu hiyo. Katika Red Lake, ziwa lenye sehemu mbili, ambako sehemu ya chini yote na zaidi ya nusu ya ile ya juu ni mali ya Waojibwe wa Red Lake, wenyeji wa asili wa eneo hilo, samaki aina ya wolai waliporomoka miaka ya 1990 kwa kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka 1999 Waojibwe hao, serikali ya jimbo na ile ya shirikisho walitia saini makubaliano, uvuvi wa wolai ukawa umesimamishwa kila upande, vifaranga wakapandikizwa kwa mamilioni, na mwaka 2006 ziwa likafunguliwa tena. Pande zote zilikubaliana kwanza juu ya kiasi cha kutoa, ndipo zikarudi majini.

Kwa ngazi ya watu wawili, kanuni yangu sasa ni hii: ramani, mtaimbo, mstari wa matundu, springi na hesabu ya mboga namfundisha yeyote anayeuliza, bila kubakiza. Mahali penyewe namwonyesha mtu kwa miguu yake.

Desemba iliyopita kijana mmoja wa Mombasa aliniomba lokesheni. Nilimjibu, "Sikutumii, mdogo wangu. Njoo kesho saa kumi na moja alfajiri, nikuonyeshe." Alikuja, akagonga barafu mwenyewe, akatoboa matundu tisa, akachelewa kuhisi kuumwa mara nne, akaondoka na krapi watano na ramani ya ziwa letu iliyojaa alama za kalamu. Wiki tatu baadaye simu yangu iliita. Alikuwa kwenye ziwa nisilolijua, umbali wa nusu saa kutoka kwangu. "Kaka," alisema, "nimepata pangu. Nimesoma ramani usiku kucha. Njoo na mtaimbo wako, lakini leo tunatoa sita tu."