Penseli ya Mwalimu

Matokeo ya robo mwaka ya mabenki yakitoka gazetini, mwalimu mmoja mstaafu wa Dar es Salaam hukata ukurasa kwa mkasi, akautandaza mezani na kuuwekea rula. Haanzi na faida. Rula inashuka taratibu kwenye mizania: mikopo, amana za wateja, mtaji wa wanahisa. Kisha inakwenda chini, kwenye viashiria vya hali ya kifedha, kusaka mstari mmoja tu, uwiano wa mikopo chechefu kwa mikopo yote. Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5. Anaunakili kwenye kaunta buku chini ya ule wa robo iliyopita, halafu anakaa kimya akizitazama namba hizo mbili.

"Faida ya mwaka mmoja inaweza kutokana na kuuza jengo," ananiambia bila kuinua macho. "Mikopo isiyolipwa haijifichi muda mrefu."

Kila kampuni ina kurasa zake. Bei ya hisa anaiandika kwa penseli, gawio kwa kalamu ya wino. Ukurasa wa benki ya CRDB ndio niliouangalia kwa muda mrefu. Hisa za benki hiyo ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Penseli inapanda hadi kuvuka 300, kisha inaporomoka, na kufikia 2019 iko chini ya pale ilipoanzia. Miaka kumi! Wengi waliuza. Kwenye daftari lake hakuna mauzo, ila pembeni mwa miaka ile mibaya mikopo chechefu imepigiwa mstari mara mbili, na robo baada ya robo namba inaonekana ikishuka. Alikuwa akiichunguza benki wakati wenzake wakichunguza bei. Kwangu mimi, huo ndio ufundi wenyewe, na sijui wengi wanaouweza.

Gawio la CRDB la mwaka 2024 lilikuwa shilingi 65 kwa hisa. Hesabu yake ameifanya kwa mkono: hisa 2,000 mara 65 ni 130,000; toa kodi ya zuio ya asilimia 5, zinabaki 123,500. Fedha hiyo haili. Inarudi sokoni.

Kununua nako kuna utaratibu wake. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa ni chache. Hisa za baadhi yake hupita siku nyingi bila muuzaji. Anayeharakisha hulazimika kupandisha bei mwenyewe. Mwalimu hapandishi. Anampigia dalali wake simu, anataja kampuni, idadi, na bei ya juu kabisa atakayolipa.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwa bei hiyo tutasubiri sana."

"Marahaba, mwanangu. Iache hapo hapo."

Oda inakaa. Inapatikana vipande vipande, hisa 40 leo, 110 wiki inayofuata, na kila kipande anakiingiza kwenye daftari siku hiyo hiyo, pamoja na kamisheni ya dalali, kisha anakokotoa upya wastani wa gharama ya hisa moja hadi senti. Oda ya mwisho aliyonionyesha ilikuwa ya hisa 500. Amepata 150. Kwa zile 350 hajabadilisha bei.