Pascal na hoja ya «vivyo hivyo»

Blaise Pascal aliandika Traité du triangle arithmétique mwaka 1654. Kikachapishwa mwaka 1665, miaka mitatu baada ya kufa kwake. Twakisoma hapa kama maandishi, kwani tokeo lake la kumi na mbili laonyesha jinsi sentensi mbili zinavyobeba kauli zisizo na mwisho.

Kauli hiyo yahusu visanduku viwili vinavyopakana katika safu moja. Katika safu 1, 4, 6, 4, 1, uwiano wa 4 kwa 6 ni sawa na 2 kwa 3: visanduku viwili tangu mwanzo hadi 4, vitatu tangu 6 hadi mwisho. Pascal anakiri kwamba safu hazihesabiki, kisha anataka mambo mawili tu: kwamba kauli ni kweli katika safu ya pili, jambo lililo dhahiri, na kwamba ikiwa kweli katika safu yoyote, itakuwa kweli katika ile inayofuata.

Uzito wote umo katika -ki- hiyo. Katika daftari za wanafunzi twakuta mara nyingi «kwa kuwa kauli ni kweli kwa n» mahali pa «ikiwa». Kosa laonekana dogo. Kumbe laangusha hoja nzima, maana mwandishi amekwisha kujipa kile alichotakiwa kukithibitisha. «Ikiwa» haidai lolote juu ya safu yenyewe, bali juu ya kiungo kati ya safu na jirani yake.

Hata hivyo, kiungo hicho Pascal anakionyesha kutoka safu ya nne hadi ya tano pekee. Zilizobaki, asema, ni vivyo hivyo. Je, ni halali? Fomula ya Euler, n² + n + 41, yatoa nambari tasa kwa n tangu 0 hadi 39; kwa 40 yatoa 1681, yaani 41 mara 41. Mifano arobaini ilisema vivyo hivyo, ikatuhadaa. Pascal, kinyume chake, anatoa sababu: uthibitisho wake hautegemei ila uwiano wa safu iliyotangulia, na kanuni kwamba kila kisanduku ni jumla ya viwili. Ndiyo maana twamkubalia, ingawa anahesabu kwa tarakimu za safu ya nne, na msomaji aachiwa kuona mwenyewe zitakavyobadilika katika safu ya mia. Wanafunzi wetu wameazima «vivyo hivyo» yake. Sababu wameiacha kitabuni.