Jamani, Malimwengu Matatu Kwenye Skrini Moja!

Wee, sogea hapa, maana siwezi kutulia! Nimetoka sasa hivi kuitazama video ya uigaji wa kompyuta wa Philip Mocz na wenzake, ule waliouchapisha 2019, na mwili bado unanisisimka. Ulimwengu mchanga mara tatu, ubavu kwa ubavu! Wanachobadilisha ni tabia ya maada ya giza tu, ile isiyoonekana inayozishikilia galaksi zisitawanyike.

Kwanza maada ya giza baridi, ile tuliyozoea kuisikia. Inajikunjakunja, inakatikakatika, inakuwa vidonge vidogo vya mviringo, vingi mno, kama uji ulioshika madonge. Inapendeza, sikatai. Halafu hamisha macho kwenye maada vuguvugu. Lo! Madonge yamefutika! Imebaki mikanda mirefu, myororo, laini kwelikweli, na nyota za kwanza zinawaka humohumo ndani ya mikanda! Nikarudisha nyuma, nikatazama tena, nikacheka peke yangu.

Na bado! Ya tatu hujaiona. Chembe za hii ni nyepesi kupita kiasi, nyepesi mpaka zinatenda kama mawimbi, na wimbi moja laweza kufika maelfu ya miaka ya nuru kwa urefu. Sasa mawimbi hayo yanapokutana ndani ya mkanda... mistari! Mwanga, giza, mwanga, giza, myembamba, inacheza, inapishana, haitulii! Kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika, kinachora! Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na wala sijangoja ushahidi, moyo umeshapenda.

Na kando ya maada, kuna nishati ya giza, ile inayoharakisha kutanuka kwa ulimwengu! Vipimo vya DESI, chombo cha kupima galaksi kule Arizona, vilidokeza 2024 kwamba huenda nguvu yake inabadilika kadiri muda unavyokwenda, basi waigaji wengine nao wanaichezea. Ukiipa nguvu mapema, makundi ya galaksi yanadumaa. Ukiichelewesha, yananona mpaka basi.

Itafute ile video ya Mocz, tafadhali. Zima taa, usiitazame kwenye kisimu, na usiruke ile ya baridi, utaikosa raha ya kulinganisha. Tena darubini ya James Webb imeshakuta galaksi changa nyingi zilizorefuka, si za mviringo, kana kwamba zilizaliwa ndani ya mikanda. Hilo peke yake halimalizi ubishi, najua, zipo sababu nyingine za kuzirefusha. Lakini mimi nimeshachagua upande wangu: mikanda! Tazama, halafu uniambie wewe uko wapi.