Mlalamikaji Kizimbani: Tuhuma dhidi ya Wenye Vyeo katika Kusadikika na katika Shauri la Ardhi ya Meru

1. Utangulizi

Msomaji anayeishi Moshono, kata iliyo upande wa mashariki wa jiji la Arusha, akiinua macho kuelekea kaskazini huuona Mlima Meru. Nyuma ya mlima huo iko Ngare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka huko, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu kwa ufugaji wa ng'ombe. Mwaka huohuo ndio ilipochapishwa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Matukio haya mawili hayakusababishana. Hata hivyo, yakisomwa kwa pamoja yanaibua swali ambalo uhakiki wa riwaya hii umekuwa ukilipita upesi: katika utawala ambao watu hawakuuchagua, mtu anayemshuku mwenye cheo apeleke wapi tuhuma zake?

Aghalabu Kusadikika husomwa ama kama istiara ya ukoloni ama kama wito wa maadili mema. Makala haya hayapingi usomaji wa aina hiyo. Yanachodai ni kwamba kiini cha riwaya ni utaratibu wa kushughulikia malalamiko: nani ana haki ya kulalamika, nani anasikiliza, na nini humpata aliyesema. Ukitazamwa hivyo, ubora wa riwaya hudhihirika, na upungufu wake pia.

2. Hongo, rushwa na shauri

Lugha yenyewe ina ushahidi wa kutoa. Katika karne ya 19 neno hongo lilitaja malipo ambayo misafara ya wafanyabiashara iliwapa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita katika nchi zao. Kiasi chake kilijadiliwa mbele ya watu, na aliyepokea hakujificha. Leo neno hilohilo ni kisawe cha rushwa, neno lenye asili ya Kiarabu, na linataja malipo ya sirini. Badiliko hili la maana linaendana na badiliko la utawala. Mtawala wa kienyeji alipofanywa mtumishi wa serikali anayelipwa mshahara, kile kilichokuwa ushuru wake kikageuka kosa lake. Lakini mwananchi aliyetakiwa kuacha kutoa hakupewa chombo huru cha kumshtaki anayeendelea kudai.

Neno shauri nalo linastahili kutazamwa. Lina maana ya nasaha, ya jambo na ya kesi. Ofisa wa wilaya wa Kiingereza aliitwa bwana shauri, na jina hilo lilimfaa, kwani nasaha, amri na hukumu zote zilikaa mezani pake. Chini ya mfumo uliojengwa na Gavana Donald Cameron kuanzia mwaka 1926, mtawala wa kienyeji alikusanya kodi, akatoa amri na kuamua kesi. Aliyemshuku kuwa amekula fedha za kodi alipaswa kumlalamikia kwa bwana shauri, yaani kwa mtu yuleyule aliyemtegemea mtawala huyo katika kazi zake za kila siku. Kuanzia mwaka 1929, rufaa kutoka mahakama za wenyeji hazikwenda Mahakama Kuu. Zilipanda kwa maofisa tawala na hatimaye kwa Gavana. Fauka ya hayo, mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mahakama hizo. Hoja hii ya mwisho ndiyo ufunguo wa kuisoma Kusadikika.

3. Kosa la Karama

Karama anashtakiwa kwa kosa gani? Hakuiba wala hakuua. Anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Wasomaji wengi huliona kosa hili kama kielelezo cha elimu kwa jumla, kwamba watawala waovu huichukia elimu. Tafsiri hiyo ni sahihi, ila imepanuka mno hata ikapoteza makali. Shaaban Robert angeweza kumfanya Karama mwalimu wa hesabu, wa tiba au wa kilimo. Alichagua sheria. Katika nchi ambayo mahakama za wenyeji zilifungiwa mawakili, uchaguzi huo hauwezi kuwa wa bahati nasibu. Mtu anayejua sheria ndiye anayeweza kuugeuza mnong'ono kuwa mashtaka, na mashtaka kuwa ushahidi. Majivuno haogopi kuchukiwa. Anaogopa kuhojiwa.

Ikumbukwe kuwa mwandishi mwenyewe aliijua ofisi kutoka ndani. Aliingia kazini serikalini mwaka 1926 katika Idara ya Forodha, na baadaye akatumika katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Mtu wa namna hiyo hakuweza kuandika waziwazi kwamba wakubwa wake hawahojiki. Alichoweza ni kubuni nchi inayoning'inia angani, kisha kuionesha mahakama yake ikifanya kazi.

Utetezi wa Karama ni orodha ya wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mmoja alitumwa upande wake, akapata taabu safarini, akarudi na mapendekezo ya manufaa, na malipo yake yakawa kifungo. Baadhi ya wasomaji huuona urudiaji huu kuwa unachosha. Sisi tunauona kuwa ndiyo hoja yenyewe. Mjumbe mmoja akifungwa, mtu anaweza kusema ni kosa la hakimu. Wakifungwa sita, huo ni utaratibu. Karama hajitetei kwa kudai kwamba hana hatia tu. Anaifungulia mahakama daftari lake yenyewe na kuisomea hukumu zake za zamani. Hivyo mshtakiwa anakuwa mshtaki pasipo kumtaja Majivuno kama mhalifu.

Pana pingamizi linaloweza kutolewa hapa: Kusadikika haina Mzungu hata mmoja. Mfalme, mawaziri na wafungwa wote ni wenyeji, basi istiara ya ukoloni inatoka wapi? Jibu ni kwamba utawala uliopitia kwa wenyeji ulionekana hivyo hasa machoni pa mwananchi wa kawaida. Aliyemtoza na kumhukumu alikuwa jirani yake. Mkono uliomweka jirani huyo kitini haukuonekana barazani.

4. Mjumbe wa Meru

Tukirudi Meru, tunamkuta mjumbe wa saba. Shauri la Meru halikuwa la rushwa kwa maana ya fedha iliyopitishwa chini ya meza. Lilikuwa la ardhi. Lakini njia ambayo lalamiko lake lilipaswa kupita ni ileile. Tume ya Jaji Mark Wilson, iliyoteuliwa mwaka 1946, ilihusika na msongamano wa watu na ardhi katika maeneo ya Arusha na Moshi. Wameru na Waarusha walikuwa wamebanwa kati ya msitu wa mlimani na mashamba ya walowezi tambarare. Hata hivyo, miongoni mwa mapendekezo ya tume lilikuwamo la kuwaondoa Wameru Ngare Nanyuki. Walioathirika wangemlalamikia nani, ilhali serikali iliyoteua tume ndiyo iliyotekeleza pendekezo na ndiyo iliyopokea malalamiko?

Wameru walichanga fedha wakamtuma Kirilo Japhet mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Yaani walifanya mambo mawili yaliyoharamishwa Kusadikika: walituma mjumbe, na walitafuta mtu wa sheria. Azimio lililowaunga mkono lilipita katika kamati, lakini katika Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura. Ardhi haikurudi wakati huo. Hata hivyo, shauri lililopaswa kuishia mezani kwa bwana shauri lilikuwa limesikika ulimwenguni, na simulizi yake ikachapishwa na Japhet na Seaton wenyewe mwaka 1967.

Ulinganisho huu ndio unaoufichua upungufu wa riwaya. Katika Kusadikika mfalme anasikiliza, anaguswa, anamwachia Karama, na wajumbe wanafunguliwa. Furaha ya msomaji ni ya haki. Lakini Majivuno hapandishwi kizimbani. Hakuna chombo kinachoundwa ili Karama wa kesho asitegemee moyo wa mfalme. Mwandishi aliyeonesha kwa wajumbe sita kwamba tatizo ni utaratibu, analitatua kwa hisani ya mtu mmoja. Huenda mtumishi wa serikali ya kikoloni hakuweza kuandika mwisho mwingine. Hilo linaeleza upungufu, haliuondoi.

5. Hitimisho

Tanganyika ilipata sheria mahususi ya kuzuia rushwa mwaka 1958, miaka saba baada ya Kusadikika. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilipitishwa na Tanzania mwaka 2015. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 57. Muda huo unaonesha kwamba ni rahisi zaidi kulitaja kosa la mwenye cheo kuliko kumkinga aliyeliona. Shaaban Robert alilijua hilo mapema, ndiyo maana gereza lake limejaa wajumbe, si wezi.

Kwa mwalimu anayeifundisha riwaya hii leo katika shule za Arusha, pendekezo letu ni dogo. Asiishie kuwauliza wanafunzi Majivuno anamwakilisha nani. Awaulize pia: Karama angeshindwa, rufaa yake ingekwenda wapi? Mwanafunzi wa Moshono anaweza kuanza kulijibu swali hilo kwa kuutazama mlima, na kuuliza habari za watu waliokuwa wakiishi nyuma yake.