Mtoto wa mfalme aliyekufa mapema

Mwaka 2012 nyumba ya makumbusho iitwayo National Portrait Gallery, mjini London, ilifungua maonyesho yenye jina The Lost Prince, maana yake: Mtoto wa mfalme aliyepotea. Yalikuwa juu ya Henry Stuart, mwana wa kwanza wa Mfalme James wa Uskoti na Uingereza. Henry alizaliwa mwaka 1594, akafa tarehe 6 Novemba 1612, akiwa na miaka 18 tu. Wengi wanafikiri kwamba ugonjwa wake ulikuwa tifoidi.

Maonyesho yale yanastahili sifa, kwani yalikusanya mambo mengi pamoja. Tuangalie picha aliyoichora Robert Peake mwaka 1603: mtoto wa miaka 9 anarudisha upanga ndani ya ala, na mnyama aliyewindwa amelala chini. Je, huyo ni mtoto? Hapana, ni matumaini ya watu wazima yaliyovikwa mavazi ya mtoto. Waprotestanti wakali walimngojea awe jemadari wao. Baba yake alimtafutia mchumba hata katika nyumba za wafalme Wakatoliki.

Ubaya ni jina lile la maonyesho. Linatuvuta kusema: Kama angaliishi, ndugu yake Charles hangalitawala, wala hangalikatwa kichwa mwaka 1649. Lakini nani anajua? Kijana yule alipenda silaha na michezo ya vita. Pengine angalileta vita vingine. Kumsifu mtu kwa mambo asiyoyatenda si kumheshimu.

Kitu kilichosema kweli kupita vyote ni sanamu ya mti iliyobebwa siku ya maziko yake, ikatunzwa Westminster Abbey. Zamani ilivikwa mavazi ya ufalme. Leo haina hata kichwa. Mbele yake maneno ya sifa yanakwisha.

Mapadri na wakatekista, jambo hili latuhusu. Kijana akifa, mara nyingi twahubiri: angekuwa daktari, angekuwa padri, angejenga nyumba ya baba yake. Hivyo twazika matumaini yetu wenyewe, na marehemu twamsahau. Afadhali tuseme alivyoishi, wema wake na udhaifu wake, halafu tumwombee. Mungu hatamwuliza juu ya miaka asiyopewa.