Sifa ya Fundi wa Mitetemo

Miongoni mwa kazi zifanywazo hapa Njoro, mjini Moshi, iko moja isiyopewa taadhima inayoistahili, nayo ni ya fundi ambaye, akiletewa gari lililokwisha kutumika Japani na kuvushwa bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, huelezwa shitaka moja tu, kwamba likifika kilomita 90 kwa saa hutetemeka, na kutoka katika shitaka hilo hutakiwa kuifikia yakini.

Mjini gari hilo halikiri lolote. Sharti alitoe katika barabara ya Arusha, avuke daraja la Kikafu, aipite Bomang'ombe, na huko nyikani kuelekea njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, alama za 50 zikiisha, ndipo mtetemo hujitokeza. Fundi stadi wakati huo haneni. Mikono yake na mgongo wake ndio mashahidi, naye huwasikiliza kama kadhi asiyehukumu kabla ushahidi haujatimia. Usukani ukicheza, tuhuma huelekea magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitetema ilhali usukani umetulia, huelekea nyuma, au kwenye shafti ya propela. Mtetemo ukija pale tu anapokanyaga breki, aghalabu diski hazina unene ulio sawa. Na ukija akikanyaga mafuta, ukatoweka akiachia, hushuku jointi za ekseli.

Ajabu ni udogo wa sababu zenyewe. Gurudumu lenye mzingo wa kiasi cha mita 2, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka takriban mara 14 kila sekunde, na gramu 30 zilizozidi upande mmoja wa rimu huvuta kwa nguvu ipitayo uzito wa kilo 4. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Na gramu hizo kwetu hutoka hata mlimani: wakati wa masika magari hushuka kutoka Kibosho na Uru na udongo mwekundu umeganda ndani ya rimu, ukakauka upande mmoja. Nimemwona fundi akiuchokoa kwa bisibisi, na gari lililokwisha kubadilishwa shokapu zote likatulia.

Naichukia, nasema bila kificho, desturi ya kuanza kwa kununua: shokapu leo, boli jointi kesho, hata mfuko wa mwenye gari ukauke na mtetemo uko palepale. Fundi nimsifuye huanza na yasiyo na gharama. Hukaza nati, hupima upepo, husoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambazo zikiwa 2316 hutaja juma la 23 la mwaka 2016, kwani tairi kuukuu huweza kuachana matabaka yake ya ndani hali nje lang'aa. Kisha huyahamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akarudi barabarani kutazama kama mtetemo umehama pamoja nayo. Ukihama, ndipo huyapeleka kwenye mashine ya balansi.

Mwezi wa Disemba, Wachagga wanapopanda kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500, kazi humzidia na haraka humshawishi. Hata hivyo hataji ujira mpaka alirudishe gari kule nyikani, kupita Bomang'ombe, kwa mwendo uleule, na safari hii anayeshika usukani ni mwenye gari.